Kutoka Itetemia hadi Leicester: mtoto hujuaje kwao ni wapi?

Mgeni anayeshuka stesheni ya Tabora hakai muda mrefu kabla ya kuonyeshwa miembe. Ni mikubwa, yenye vivuli vipana, na wenyeji humweleza kwamba mingi inafuata njia walizopita wapagazi wa misafara kwenda pwani na kurudi. Mtu alikula embe, akatupa kokwa, mvua ikafanya kazi yake.

Asili ya mwembe si Unyamwezi. Ulitoka upande wa India, ukavuka bahari, ukaingia bara pamoja na wasafiri. Leo hakuna mtu Tabora anayeuuliza mwembe kwao ni wapi. Anayeulizwa ni binadamu, na anayepata shida zaidi kujibu ni mtoto.

Swali hilo linawasumbua watoto wa familia za Kihindi zilizohamia Uingereza, Kanada na Marekani kutoka Afrika Mashariki. Wazazi wao nao hawana jibu fupi la kuwapa. Sehemu ya jibu iko mbali na London na Toronto, kwenye vumbi la njia ya zamani ya misafara, karibu na Itetemia.

Mtemi aliyetua mzigo

Itetemia leo ni kata ya Tabora. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwaka 1857 pamoja na John Speke, aliliandika jina kama alivyolisikia, Ititenya, akasema ndipo alipokaa Mtemi Fundikira.

Burton aliandika pia jambo ambalo lingefaa kusimuliwa kila nyumba yenye mtoto aliye mbali. Kabla ya kutawala, Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani, mpagazi katika msafara. Habari zikamfikia kwamba baba yake amefariki. Akatua mzigo, akarudi nyumbani kushika utemi.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa kama kilomita 1,200. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wote wa bara. Vijana walikwenda pwani wakarudi na nguo, shanga na maneno mapya. Hata jina la Wanyamwezi walipewa na watu wa pwani. Nyumbani mtu alijitaja kwa utemi wake.

Wengine hawakurudi. Walioa huko, wakajenga huko, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni moja ya alama za safari hizo. Kwa hiyo Unyanyembe ilijua mapema kwamba watu huondoka, na pia kwamba watu huja.

Musa wa Surat

Si mbali na Itetemia palikuwa Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo yamo ndani ya Tabora. Wengi waliokaa hapo walikuwa Waarabu. Wahindi walikuwa wachache, na mmoja wao alijulikana kwa jina la Musa Mzuri.

Musa alikuwa mfanyabiashara Mkhoja kutoka Surat, Gujarat. Burton aliambiwa kwamba yeye na kaka yake walifika Unyamwezi miaka ya 1820, kabla ya wafanyabiashara wengine wengi. Speke aliporudi Kazeh mwaka 1861 alifikia nyumbani kwake. Huko Surat hakuna ambaye angemwita mtu Mzuri kwa Kiswahili. Jina hilo alilipata huku, kwa watu aliokaa nao miaka zaidi ya thelathini.

Hadithi hii isipakwe asali. Biashara iliyomleta Musa bara ilikuwa ya pembe za ndovu, na njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Matajiri wa Kihindi wa Unguja na pwani walitoa mikopo iliyoendesha misafara mingi. Mzazi anayemweleza mtoto habari za asili yake hana budi kulitaja na hilo. Mtoto akija kulisoma mwenyewe ukubwani, atajiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa.

Baada ya Musa walifuata wengine. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa bado kijana mdogo, akaanza kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, kisha akafungua maduka kufuata njia ya misafara, yakiwamo ya Tabora na Ujiji. Baadaye jina lake lilivuma zaidi Uganda. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Misafara ya mabegani ikafa, maduka yakabaki.

Lugha ya dukani, lugha ya jikoni

Duka la Mhindi wa bara lilikuwa na mpango unaojulikana: mbele bidhaa, nyuma familia. Mtoto aliyezaliwa humo alisema Kikutchi au Kigujarati kwa mama yake, Kiswahili kwa wateja, na salamu za Kinyamwezi kwa wazee waliotoka vijijini. "Mwangaluka" ilimtoka mdomoni kabla hajajua kuandika.

Maneno yalivuka kaunta pande zote mbili. Kiswahili kilipokea gari, pesa, laki, gunia, bima, chapati na kachumbari kutoka lugha za India. Kikutchi na Kigujarati cha Afrika Mashariki nacho kikachukua kisu, sufuria, fagio na kuku. Muhogo walifupisha wakauita mogo. Leo mikahawa ya Kihindi ya London na Leicester inauza mogo wa kukaanga wenye pilipili, na wateja wengi wanadhani neno hilo limetoka India.

Lakini maneno kuchanganyika si sawa na watu kuchanganyika. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Ndoa kati ya Wahindi na Waafrika zilikuwa chache. Katika nyumba nyingi za Kihindi Mwafrika aliingia kama mteja au mfanyakazi, si kama mgeni wa kukaa mezani. Watu wa Tabora hawakulisahau hilo, na haikuwa haki kuwataka walisahau.

Hata wenyewe walianza kubadilika kabla ya kupanda ndege. Mwaka 1952, katika mkutano wa Evian, Ufaransa, Aga Khan III aliwashauri Waismailia wa Afrika wasiishi kama wageni wa Asia. Wanawake wengi waliacha sari wakavaa gauni, na Kiingereza kikapewa nafasi ya Kigujarati shuleni. Mabadiliko ambayo leo yanalaumiwa kwa Ulaya yalianzia sebuleni Afrika.

Tabora ilipoulizwa nani ni mwenyeji

Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Swali lilikuwa gumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliona ni dharau na walitaka uchaguzi ususiwe. Julius Nyerere, ambaye alisoma sekondari mji huohuo, aliwashawishi washiriki. Tukio hilo linakumbukwa kama Uamuzi wa Busara.

Uamuzi huo uliwafanya wagombea wa Kihindi wategemee kura za Waafrika. Mmoja aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo ni Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwaka 1922, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge lilijadili uraia. Baadhi ya wabunge walitaka rangi iwe kigezo. Nyerere alikataa kwa nguvu na kuonya kwamba serikali yake ingejiuzulu.

Sheria iliyopita ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Tanganyika, ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Hapo ndipo familia zilipogawanyika mezani. Huyu aliomba uraia, yule akabaki na pasi ya Uingereza, wote wa tumbo moja.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 1964 kulitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wamiliki wengi walikuwa Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Tanzania haikutoa amri kama hiyo ya Amin, lakini wengi walisoma alama za nyakati. Maduka yalifungwa, masanduku yakafungwa, safari ya pili ikaanza.

Safari ya pili

Mwaka huohuo wa 1972, Halmashauri ya Jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi Waasia wa Uganda wasiende katika mji huo. Walikwenda. Leo Leicester ni mmoja wa miji ya Uingereza inayojulikana kwa sherehe kubwa za Diwali.

Waliofika huko waligundua kwamba swali limewafuata. Tabora waliitwa Wahindi. Uingereza waliitwa wageni, na watu wasiojua tofauti waliwatupia matusi yaleyale waliyowatupia Wapakistani. Walipokutana na Wahindi waliotoka India moja kwa moja, wakaonekana wa ajabu tena: wanapika kwa nazi, wanaita kisu kisu, na wakiulizwa wametoka sehemu gani ya India wanajibu kwa jina la mji wa Afrika.

Watoto waliozaliwa katika hali hiyo walichukua njia tofauti. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi na kuhamia Uingereza mwaka 1964, alibadili jina akawa Freddie Mercury. Dunia ilimjua kwa sauti yake, na yeye mwenyewe hakuzungumzia sana kwao.

Rishi Sunak alizaliwa Southampton mwaka 1980. Mama yake alizaliwa Tanganyika, baba yake Kenya. Alipoapishwa kuwa mbunge alitumia Bhagavad Gita, na Novemba 2020, akiwa Waziri wa Fedha, aliwasha taa za Diwali mlangoni Downing Street. Oktoba 2022 akawa Waziri Mkuu.

Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa na Amin, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kati la mtoto wake ni Kwame, kwa heshima ya Kwame Nkrumah. Mwaka 2025, kwenye mdahalo wa wagombea umeya wa New York, Zohran alimtajia mpinzani wake jina la Mamdani herufi moja moja, kwa sababu lilikuwa likitamkwa vibaya. Novemba mwaka huo alishinda.

Mzazi asiwapange watu hawa watatu kama mizani ya nani bora. Kila mmoja alifanya alichoweza kwa wakati wake. London ya mwaka 1964 haikuwa New York ya mwaka 2025.

Gunia la bibi

Mwandishi M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na anaishi Toronto. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack ya mwaka 1989, inamhusu kijana aliyerithi gunia la vitu vya kale kutoka kwa bibi wa ukoo wake. Kila kitu kinachotoka guniani kinafungua habari ya familia, vizazi vinne vya Wahindi wa Afrika Mashariki. Neno gunia lenyewe lilikuja na Wahindi.

Familia nyingi zilizohama zina gunia la aina hiyo, hata kama ni sanduku la bati chini ya kitanda. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza mtoto kilichomo, kwa lugha anayoielewa.

Hapo ndipo palipo na uchungu. Bibi aliyezaliwa Tabora anasema Kikutchi, Kiswahili na Kiingereza cha kuombea maji. Mwanawe anaelewa vyote vitatu, lakini akiwa na watoto anasema Kiingereza kwa sababu amechoka na kazi. Mjukuu ana Kiingereza peke yake. Baadhi ya wazee wanaopoteza kumbukumbu hurudi kwenye lugha za utotoni. Siku bibi huyo akiita kwa Kikutchi na kuomba maji kwa Kiswahili, mjukuu aliyeketi kitandani kwake hataweza hata kumjibu "haya, bibi".

Mambo yanayodumu katika familia hizi yanajulikana. Chakula hudumu, kwa sababu watu hula kila siku. Ibada na sikukuu hudumu, kwa sababu zina tarehe na watu wanaosubiriana. Majina hudumu, kwa sababu huitwa. Lugha hufa haraka kuliko vyote pale inapobaki ya wazee kuzungumzia mambo wasiyotaka watoto wayasikie. Mtoto hashiki kitu kwa kuwa kimesifiwa. Anakishika kwa kuwa bila hicho hapati anachokitaka.

Makaratasi nayo yana lake. Serikali ya India ilianzisha mwaka 2005 kadi ya OCI kwa watu wa asili ya India walio raia wa nchi nyingine, inayofika hadi vitukuu. Kwa hiyo kijana wa Leicester anaweza kuwa na kadi ya nchi ambayo bibi yake hakuwahi kuishi. Akija Tabora, alikozaliwa bibi yake, haingii kama raia, maana sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto mwenye akili ataliona hilo na kuuliza. Mzazi amweleze kwamba serikali hutoa kadi na hati, lakini kumbukumbu ya familia hutoka kwa familia.

Si habari ya Wahindi peke yao

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Aende Itetemia wakati wa likizo. Atakuta mtoto aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, jina la Kinyamwezi, babu Mnyamwezi, akisalimiwa "mwangaluka" na bibi yake na kumtazama mama ili amtafsirie. Hakuvuka mpaka wowote. Amepanda basi tu. Shuleni kwake anafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani anasema Kiswahili, na Kinyamwezi anakisikia baba akiongea kwenye simu.

Mtoto huyo na yule wa Leicester wana shida moja. Wote wawili wanaambiwa wajivunie asili yao, na wote wawili hawajapewa nafasi ya kuitumia.

Katika familia zilizofanikiwa kwa kiasi, ziwe za Toronto au za Mbagala, kuna mambo ambayo mzazi anaweza kuyaanza bila gharama. La kwanza ni kumpa mzee mmoja lugha moja. Bibi akiongea na mjukuu kwa Kikutchi au Kinyamwezi tu, kwa simu, dakika kumi kila Jumapili, mtoto atajifunza kwa sababu anamtaka bibi. Asichekwe akikosea. Watoto wengi huacha lugha ya nyumbani siku walipochekwa na wajomba.

La pili ni jina. Mtoto ajue nani alimpa, kwa nini, na linatamkwaje. Afundishwe kumsahihisha mwalimu kwa adabu, mara ya kwanza tu inapotokea. Mtoto anayelikubali jina lililoharibiwa hujifunza kuwa kwao ni jambo la kusumbua wengine.

La tatu ni kumsimulia safari yote, pamoja na kurasa zake chafu. Mtoto wa Kihindi asikie habari za pembe na watumwa, za milango iliyofungwa, na za majengo yaliyotaifishwa. Mtoto wa Kinyamwezi naye asikie kwamba mababu zake walikuwa wageni Bagamoyo, na kwamba mtemi wake aliwahi kubeba mzigo wa tajiri begani.

La nne ni kumpa kazi anapotembelea kwao. Mtoto anayeletwa Tabora kupigwa picha ataikumbuka picha. Anayetumwa dukani kununua asali, akakosea Kiswahili na akarudi na chenji, atakumbuka kwamba alieleweka.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalomfanya mtoto wa Leicester awe Mtabora, wala Mhindi wa Surat. Si lazima. Musa hakurudi kuwa yule kijana aliyetoka Gujarat, na Allidina Visram hakubaki wa Kutch peke yake. Kinachotafutwa ni mtoto ambaye, akiulizwa kwao ni wapi, haoni aibu kutoa jibu refu, na ana angalau mzee mmoja anayeweza kumpigia simu kuuliza sehemu asiyoijua.

Wazee hao hawatakuwepo siku zote. Simu iliyotumika kusoma ukurasa huu inatosha kuwapigia leo jioni.